Simu moja watoto watano: namna ya kuwapeleka watoto Bujora, Saanane na kwenye mawe ya Mwanza wakarudi na kitu kichwani

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza tulivyobeba watoto wa mtaani kwetu Nyakato kuwapeleka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mimi na jirani yangu ambae ni mwalimu wa msingi, tulijiona wajanja sana, tukakusanya simu janja saba za wazazi tukawagawia watoto kumi na tisa tukawaambia haya, pigeni picha chochote mnachokipenda. Jioni tukarudi na picha zaidi ya mia nne na karibu zote ni sura zao wenyewe, ulimi nje, vidole viwili juu, huko nyuma kwa mbali unaona kona ya ngoma. Kesho yake namuuliza mwanangu, zile ngoma za watemi zimewekwa kwenye nyumba yenye umbo gani? Akaniangalia kama nimemwambia agawanye desimali. Na jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yani kiti kikubwa kimesimama mbele yako pale, alipita chini yake na hakukiona.

Tangu siku hiyo kwetu simu ni moja kwa watoto watano, na dakika ishirini za kwanza inakaa kwenye mkoba wangu. Wakilia walie. Karibu kila ninachoandika hapa kimetokana na hiyo sheria moja, kwahiyo kama una haraka chukua hiyo alafu endelea na shughuli zako.

Usianzie mbali

Watu wakisikia malikale, yani vitu na sehemu za kale, wanawaza Olduvai au michoro ya Kondoa, wanapiga hesabu ya kosta, chakula, kulala, wanakata tamaa hata kabla ya kuanza. Sasa sie wa Mwanza tuna bahati ya ajabu, unafungua mlango wa uani malikale yanakuangalia. Mtoto wa Mabatini au wa Bugando kazaliwa kwenye nyumba iliyobanwa katikati ya mawe, anaanikia nguo juu ya jiwe, anateleza nalo kwa makalio, na hakuna siku hata moja alieambiwa hilo jiwe lilifikaje hapo.

Kwahiyo safari yako ya kwanza iwe kwenye mawe, kwa miguu, bure. Nauli sifuri, kiingilio sifuri, ukiharibu unarudia Jumamosi inayofata. Waulize kwanza wenyewe: nani kaliweka? Utasikia majibu matamu, majitu, Wajerumani, Mungu, tetemeko. Usiwakatishe, mmoja arekodi hayo majibu kwenye simu (hapa dakika ishirini zimeshapita), mtayasikiliza tena mwisho na watacheka.

Alafu ndo uwaeleze kwa sabuni. Sabuni ya mche, ile ndefu ya kukata. Kata vipande vinne vipange viwili chini viwili juu kwenye beseni, mwagia maji kidogo kidogo, acha siku mbili tatu. Pembe ndo zinaisha kwanza, kwa sababu pembe inapigwa na maji kutoka pande nyingi, katikati inabaki, mwisho una vipande vya mviringo vimekaa juu ya vingine. Mawe ya Mwanza ni hivo hivo. Ilikua miamba ya granaiti iliyoko chini ya ardhi, ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni mbili, ikapasuka nyufa za wima na za ulalo, maji yakaingia kwenye nyufa yakawa yanaozesha pembe taratibu, baadae udongo wa juu ukasombwa na mvua, yakabaki mawe yamebebana kama unavyoyaona. Hakuna alieyapandisha, ardhi ndo iliondoka ikayaacha.

Kazi ya kundi: tafuteni jiwe moja ambalo ufa wake bado unaonekana, na jingine ambalo ufa umeshaisha limekua duara. Picha tano tu, sio sita. Na kwenye kila picha ya jiwe mtoto mmoja asimame pembeni ili ukubwa ujulikane, maana jiwe kubwa kama nyumba na jiwe la ukubwa wa ndoo kwenye simu yanafanana kabisa.

Hayo mawe yana wenyewe pia. Yule mjusi mwenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa bluu mnamjua, anapiga pushapu juu ya jiwe. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, mwanzae ni Mwanza hii hii yetu, kapewa jina la mji. Dume ndo mwenye rangi, jike ni kahawia na kumuona ni kazi. Hapa sasa simu inasaidia kweli, mtoto akae kimya arekodi video ya sekunde thelathini bila kusogea, alafu nyumbani muirudishe polepole mhesabu pushapu ngapi na muangalie mjusi mwingine alijibu nini. Mwanangu alieshindwa kuona kiti cha mtemi, kwenye video ya mjusi alikaa dakika arobaini bila kuomba maji.

Angalizo la mawe: asubuhi tu, jua la saa sita jiwe linachoma kama kikaango. Mvua ikiwa imenyesha ahirisha, jiwe lililolowa halina urafiki. Na waangalie nyuki kwenye mapango madogo kabla hamjaanza kupiga kelele.

Nenda mwenyewe kwanza

Hii watu wengi wanairuka. Kabla hujapeleka watoto popote nenda peke yako siku ya kawaida, uangalie choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, maji ya kunywa, mtandao unashika au haushiki, na nani utaongea nae. Kama unaenda Bujora au kisiwa cha Saanane uliza kama kiingilio cha watoto na cha wanafunzi ni tofauti, na uliza kabisa kama kuna malipo ya kupiga picha au kurekodi video, usije ukagombana getini watoto wanakuangalia.

Upande wa shule, kama wewe ni mwalimu unajua taratibu zako, barua kwa mkuu wa shule, ridhaa za wazazi, na simu ziwe za walimu kwa sababu wanafunzi kubeba simu shuleni ni kesi nyingine. Kama ni mtaani kama sisi bado chukua ridhaa. Kwenye karatasi ya ridhaa weka mistari miwili tofauti, mmoja mtoto aende, mwingine mtoto apigwe picha, maana kuna mzazi anakubali la kwanza anakataa la pili na ana haki yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na picha ya mtoto ni taarifa binafsi, sio kitu cha kurusha stetasi tu kwa kuwa kapendeza. Sie tumekubaliana picha zenye sura zinaishia kwenye grupu la wazazi, zinazotoka nje ni za mawe, vitu, mikono na migongo. Na zima lokesheni ya kamera kwa picha zenye watoto, iwashe kwa picha za mawe na majengo, hizo ndo unataka zijue zilipopigwa.

Siku moja kabla: shusha ramani ya Mwanza ya kutumia bila bando, Google Maps inaruhusu na zipo programu nyingine zinazotumia ramani za OpenStreetMap ambazo ni bure kabisa. Futa takataka kwenye simu ili memori iwe na nafasi, chaji mpaka mia, beba pawabenki. Ukifika weka simu kwenye hali ya ndege, chaji inakaa zaidi na hakuna shemeji atakaepiga katikati ya rekodi kuomba elfu kumi.

Bujora

Bujora iko Kisesa, kilomita kama 18 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, daladala zipo, ukishuka Kisesa mnatembea, sio mbali na kutembea kwenyewe ni sehemu ya somo. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliefanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1950, na hata kanisa lake ukiliangalia utaona limechukua umbo la nyumba ya Kisukuma. Kuna nyumba ya mfua chuma, nyumba ya mganga, banda la vyama vya ngoma, na hilo jengo la watemi lililonitia aibu.

Usijaribu kuona vyote. Kweli usijaribu, muongozaji atataka kuwazungusha kote na kila kitu kina historia ndefu, watoto baada ya nusu saa wanaanza kuvuana viatu. Muombe mapema, kwa heshima, kwamba leo tunataka vitu vitatu tu. Sisi huwa tunachagua hivi.

Cha kwanza kuhesabu. Kuna maonyesho ya namna za zamani za kuhesabu moja mpaka kumi, kila rika lilikua na maneno yake tofauti, na watu wa rika moja walijuana kwa hayo maneno. Watoto wa sasa ukiwaambia hiyo ni nywila wanaelewa sekunde hiyo hiyo, maana simu ya baba ina nywila na wanaijua. Kazi yao: kila kundi litunge namba zake kumi kwa maneno ya kwao, wajirekodi wakihesabu, alafu makundi yabadilishane sauti na kila moja lijaribu kuvunja nywila ya mwenzake. Tulifanya hii chini ya mti na kuna mama alikua anapita na ndoo akasimama, akacheka, alafu akaanza kuwahesabia kwa Kisukuma cha bibi yake. Hiyo rekodi ndo bora kuliko zote tulizonazo na haikua kwenye mpango.

Cha pili ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, washindani tangu zamani. Wakishindana wanacheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule, na mshindi ni alievuta umati mkubwa. Hakuna jaji wa kupinda matokeo, miguu ya watu ndo kura. Ukipata nafasi nenda na watoto kwenye Bulabo, sherehe ya Bujora inayofanyika mwezi wa sita, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Hapo kazi ya simu inakua tamu: kundi litafute sehemu iliyoinuka, lipige picha ya umati wa kulia na wa kushoto kila baada ya dakika kumi kutoka pale pale bila kuhama, na nyumbani wahesabu vichwa kwa kugawa picha katika miraba, wahesabu mraba mmoja alafu wazidishe. Mwalimu jirani yangu alisema hajawahi kuona watoto wanazidisha bila kulazimishwa. Ila Bulabo ina msongamano, watoto wadogo waache nyumbani, wakubwa wavae kitu cha rangi moja, sie tuliwafunga vitambaa vya njano mkononi.

Cha tatu kila mtoto achague kifaa kimoja, jembe, kibuyu, ngao, kigoda, chochote, akae nacho dakika kumi na penseli akichore. Achore kwa mkono, nakuomba. Akishachora ndo apewe simu apige picha moja ya kile kile. Ukilinganisha mchoro na picha utashangaa, kwenye mchoro mtoto kaona kamba iliyofungwa mara tatu na alama ya kuchomwa pembeni, kwenye picha hakuna alieiona mpaka alieichora amuonyeshe.

Saanane, na maji kwa ujumla

Saanane ni dakika chache kwa boti kutoka Capri Point na ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18. Waambie watoto wapige hesabu ni viwanja vingapi vya mpira, jibu ni kama 300, wakimaliza ndo waambie Serengeti ni kilomita za mraba zaidi ya 14,000. Jina limetoka kwa mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliekua na makazi yake kisiwani. 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa. Kwahiyo hapo una historia ya mtu mmoja, ya nchi changa na ya mazingira kwenye kisiwa kimoja, ingawa watoto wanachotaka ni mamba tu.

Wape mamba wao, alafu wapeleke kwa pimbi. Pimbi anaonekana kama sungura alienyimwa masikio na ndugu zake wa karibu ni tembo, sitanii, waambie wataalamu wanasema hivo alafu waache wabishane mpaka boti irudi. Wakiwa kisiwani sie hatupigi picha nyingi, tunakusanya sauti. Kila kundi linatafuta sauti tano: maji yanapiga jiwe, ndege, injini ya boti, upepo kwenye majani, na moja ya kuchagua wenyewe. Mkirudi wazazi wanasikilizishwa wanabashiri. Ni kazi rahisi na inawanyamazisha watoto ishirini kwa wakati mmoja, mwenye watoto ananielewa.

Sasa hili la maji silisemi kwa utani. Mtoto asiingie ziwani, hata miguu tu, hata "nanawa tu anti". Kichocho kipo kwenye ziwa letu, hasa pembeni penye majani na konokono, na kinapenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi chochote. Na mamba wa ziwani sio wale wa kwenye uzio pekee. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi la kuokolea lililomtosha, ukiona mwenye boti anakwambia safari fupi hii haina haja, shuka na watoto wako. Mtu mzima mmoja kwa watoto watano, yule yule wa kundi la simu, basi hesabu ni rahisi: watoto ishirini, simu nne, watu wazima wanne.

Picha ya zamani, picha ya sasa

Kama huna hela ya boti na Bujora ni mbali, hii ndo ningeanza nayo. Omba wazazi na mababu picha za zamani za Mwanza mjini, zile za studio au za harusi zilizopigwa barabarani, kila nyumba haikosi moja kwenye albamu ya plastiki. Zipige picha kwa simu, mnaenda nazo pale pale, mtoto anatafuta sehemu aliyosimama mpiga picha wa wakati ule. Huo utafutaji ndo somo lenyewe, anaanza kuangalia mlima uko wapi, paa la nani, nguzo ilikuepo au haikuepo, jiwe lipi halijahama. Wakishapata wanapiga ya sasa na kuziweka pembeni kwa pembeni.

Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga ni zuri kwa hii kazi kwa sababu lina picha nyingi kila mahali. Lilipewa jina la kansela wa Ujerumani aliekua madarakani wakati nchi yetu inakamatwa, Otto von Bismarck, Wajerumani wenyewe walishatolewa Mwanza na Waingereza mwaka 1916 lakini jina limekaa mpaka leo kwenye kadi za posta. Kuna mtoto aliuliza kwani kabla ya hapo hilo jiwe liliitwaje na mimi sikua na jibu, nikamwambia hilo swali lako upeleke kwa mzee. Ni swali zuri la kubeba siku nzima, kama lile la ziwa lenyewe kuitwa Victoria, ambapo mpelelezi Mwingereza Speke alifika hapa kwetu Agosti 1858 akalipa jina la malkia wake na watu walikua wanalivua samaki miaka yote hiyo wakiliita kwa majina yao. Angalia pia usawa wa maji kwenye picha: mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka kupita rekodi ya 1964, watu wa ufukweni wanakumbuka vizuri, na ukiwa na picha za miaka tofauti alama ya maji kwenye jiwe inajieleza.

Makoroboi nako kunafaa, jina lenyewe limetokana na vibatari vilivyokua vinatengenezwa hapo kwa makopo. Watoto wengi wa sasa hawajawahi kuona koroboi inawaka, mtafute moja muiwashe jioni umeme ukikatika, nafasi haikosekani.

Kuna sehemu moja naiweka peke yake, makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba pale Igoma. Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996 na Mwanza hii karibu kila mtaa una familia iliyopoteza mtu. Mimi nawapeleka wa kuanzia darasa la sita tu, nauliza kwanza wazazi wao, na simu zote zinazimwa. Wanasoma, wanakaa kimya, mnaondoka. Asitokee mtu wa kupiga selfi pale.

Kurekodi wazee

Hapa ndo watoto wanaboronga zaidi na sio kosa lao, tunawafundisha vibaya. Mtoto anafika kwa mzee anasema "babu tuambie historia ya Mwanza". Babu wa watu aanzie wapi? Atakwambia zamani kulikua na nidhamu, basi, imeisha.

Mpeleke na kitu mkononi. Ile picha ya zamani, au koroboi, au picha ya jembe la Bujora. Swali liwe dogo: hiki ulikishika mara ya mwisho lini? Kwa walioishi upande wa Kigongo na Busisi swali la sasa hivi ni pantoni, ulisubiri masaa mangapi, ulikula nini foleni, nani alijifungulia njiani, maana tangu daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025 watu wanavuka kwa dakika chache na hao watoto watakua hawajui kulikua na foleni.

Salamu kwanza, shikamoo, au mwangaluka kama ni mzee wa Kisukuma, utaona uso unavyofunguka. Simu ionekane, muombe ruhusa ya kurekodi, usimvizie. Iweke kwenye kigoda karibu nae kama urefu wa mkono, funika upande wa maiki kwa leso nyepesi kama kuna upepo wa ziwa, rekodi sekunde kumi usikilize kwanza kabla hujaanza. Akianza kuongea Kisukuma au Kikerewe muache, usimrudishe kwenye Kiswahili, maneno mazuri yako huko, watoto watatafsiri baadae na bibi zao, na hapo umeshampa bibi kazi pia. Na mtoto akae kimya babu akinyamaza. Wahesabu mpaka tano kichwani. Mara nyingi baada ya hiyo tano ndo babu anasema lile alilokua analitafuta.

Zoezi tulilolipenda kuliko yote ni la Ng'wanamalundi. Kila mtoto alitafuta mzee mmoja amsimulie habari zake, yule mcheza ngoma maarufu ambae husimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka. Tukapata rekodi kumi na moja, tukazisikiliza zote Jumapili moja, na watoto wakaandika kwenye karatasi kubwa nini kipo kwenye rekodi zote, nini kipo kwenye chache, nini kipo kwa babu mmoja tu. Binti wa darasa la tano akasema kumbe hadithi nayo inapigwa kona. Nilimwacha hivo hivo, sikua na cha kuongezea.

Mkirudi

Kazi isiishie kwenye simu yako. Siku mbili baadae, sio wiki mbili, kaeni, kila kundi lichague picha moja katika zile tano na watoto waandike maneno ya chini yake wenyewe, mistari miwili, kwa mwandiko wao, hata kama wameandika "ngao ya ngozi ya mnyama simjui". Badilisha majina ya mafaili siku hiyo hiyo, sehemu, tarehe, kitu, la sivyo baada ya mwezi una picha elfu zinazoitwa namba. Ukiwa na vijana wa sekondari wenye moyo, picha safi za mawe na majengo zisizo na sura za watu wanaweza kuziweka Wikimedia Commons na kuongezea makala za Mwanza kwenye Wikipedia ya Kiswahili, huko wanajifunza pia kwamba ukiandika kitu lazima useme umekitoa wapi, maana wenzao watakifuta.

Na waliowapa muda warudishiwe. Picha moja ya kuchapisha steshenari ni hela ndogo. Yule mzee wa Kisesa aliewasimulia watoto habari za mfua chuma ana kitochi tu, kwahiyo tulimpelekea sauti yake kwenye memori kadi aisikilize kwenye redio yake ndogo, ile ya kuchomeka kadi. Ikagoma. Kumbe simu ilirekodi kwa m4a na hizo redio nyingi zinasoma mp3 tu, ikabidi turudi mjini kijana wa kuingiza nyimbo kwenye kadi aibadilishe, dakika mbili tu. Jumamosi iliyofata tukarudi. Sa hivi anaifungulia hapo kibandani kwake anapoziba pancha za baiskeli, na wateja wakiongea juu yake anawaambia nyamazeni kwanza, nasikiliza.